Muhuri wa Mwenyekiti na Kandambili ya Kulia

Jumatatu, 6 Machi
Muhuri wangu umepotea leo, kati ya saa tisa na dakika kumi na saa kumi na mbili kasoro robo. Muhuri wa mpira, mshikio mweusi, neno moja tu: MWENYEKITI. Mchonga mihuri alitaka nichongeshe miwili, mmoja wa kamati ya maji ya mtaa, mwingine wa kamati ya wazazi shuleni. Nikamwambia mwenyekiti ni yuleyule, kichwa ni kilekile. Akili hiyo! Leo sina hata mmoja.

Saa tisa na dakika kumi ulikuwa mkononi. Nilikuwa kwa Katibu, yule muuguzi mstaafu aliye katibu wa kamati zangu zote mbili. Nilisaini karatasi zake tisa nikiwa wima, simu sikioni, nabishana na muuza bawaba. Baada ya hapo, giza.

Na Ijumaa saa kumi jioni ndiyo mwisho wa kupeleka barua ya zoezi la kozi ya uongozi ninayosoma. Kukasimu madaraka: umpe mtu mamlaka yako siku saba, usiingilie, na barua yenye muhuri iwe ushahidi. Barua nilishamwagiza Katibu aiandike. Ya kuonyesha tu, bila shaka. Bila barua, hakuna cheti. Mimi niliyeishia darasa la saba, ninayeajiri watu kumi na mmoja, nimeshapigilia msumari wa cheti hicho ukutani kwenye karakana yangu ya milango!

Mke wangu kasema labda nina mambo mengi. Nikampigia hesabu. Karakana saa 66 kwa wiki, maji 21, wazazi 18, kozi 10, usingizi 49, kula na kuoga 14. Jumla 178. Wiki ina 168. Akauliza yeye yuko wapi humo. Nikamwambia hesabu bado ni ya awali.

Jumanne, 7 Machi
Mpango: kuita kamati zote mbili saa kumi, vyumba viwili vinavyopakana, nimkamate mwizi kwa sura. Koti langu nikaliacha kwenye kiti cha chumba cha kwanza. Koti lipo, mwenyekiti yupo.

Nimepita mlango wa katikati mara kumi na nne. Mara ya tisa nikachanganya mafaili. Wazazi nikawatangazia kwamba watoto watafungwa Jumatano na Jumamosi ili kuongeza presha. Watu wa maji nikawaamuru kwamba bomba lolote linalochelewa asubuhi lije na mzazi wake. Mzee mmoja akainua mkono, akauliza kwa upole kama bomba yatima nalo litafukuzwa.

Katibu hakucheka. Aliandika kila neno! Nikamuuliza mbele ya watu kama ameuona muhuri. Akajibu, “Mwenyekiti wangu, mimi muhuri sipotezi.” Halafu akatabasamu. Mtu asiye na hatia hatabasamu hivyo.

Jumatano, 8 Machi
Darasani. Majaribio yamerudishwa. Nimepata 41. Fundi wangu wa kuchomelea, ambaye ada yake nimemlipia mimi, kapata 88. Mwalimu kamsifu mbele yangu. Swali la kueleza maana ya kukasimu nilijibu kwamba ni kugawa lawama mapema. Kapiga mstari mwekundu, na pembeni kaandika “Pole.”

Njiani fundi kaniambia, “Bosi, usijali, wewe una uzoefu.” Nimemkata dakika kumi za chakula. Kisha nimezirudisha, maana kesho sitakuwepo karakana na yeye ndiye mwenye funguo.

Jumatano ndiyo hii. Zimebaki saa 45 hadi Ijumaa saa kumi.

Alhamisi, 9 Machi
Nimechonga muhuri mpya mwenyewe. Mtu anayepima mlango kwa milimita anashindwa nini na herufi kumi? Mpira nimeupata kwenye kandambili ya mke wangu, ya kulia, upande wa kisigino. Saa tatu na nusu za kazi safi. Nikaugonga kwenye wino, nikaugonga kwenye karatasi: ITIKEYNEWM.

Mke wangu akauliza ni lugha gani. Halafu akatazama miguuni. Yaliyofuata siyaandiki.

Ijumaa, 10 Machi
Saa tisa na nusu nipo kwa mwalimu, mikono mitupu, jasho. Nimeandaa hotuba ya kuomba wiki moja zaidi. Sijafika sentensi ya pili, kafungua faili. Barua yangu imo, kaileta Katibu! Imegongwa muhuri, muhuri wangu halisi. Inasema kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 6 hadi Jumatatu tarehe 13 nimemkasimu Katibu muhuri na mamlaka yangu yote. Sahihi ni yangu. Ilikuwa karatasi ya saba kati ya zile tisa.

Sikuibiwa. Nilimkabidhi kwa mkono wangu, nikibishania bawaba!

Mwalimu kasema ni mfano bora. Katibu amemaliza mgogoro wa zamu za maji kwa siku tatu (mimi nina miezi saba nao). Nimebakiza jambo moja tu: nisiingilie mpaka Jumatatu saa nne, ndipo cheti kinatoka. Kukaa kimya siku tatu. Mtoto mchanga angeweza.

Jumamosi, 11 Machi
Karakana imetoa milango 19 wiki hii. Nikiwepo hutoa 14. Fundi kapata cheti chake mapema na kakitundika kwenye msumari wangu. Kasema alidhani umepigiliwa kwa ajili yake.

Sikulala vizuri. Zamu za maji zinakwenda bila mimi! Nimemwandikia Katibu, nakala kwa mwalimu:

“Ndugu Katibu, nimegundua tatizo letu: kamati ni nyingi. Naunda Kamati ya Kupunguza Kamati, mwenyekiti mimi. Kwa hiyo nahitaji muhuri wangu mara moja. Unaurudisha au huurudishi? Sitaki maelezo. Jibu ndiyo au hapana, kabla ya kesho Jumapili saa sita kamili mchana.”

Barua isiyo na muhuri haina nguvu. Nimeigonga ule wa kandambili.