Shangazi Vero Ameiaga Dunia Saa Tatu Asubuhi

Leo nimeaibika mbele ya watu waliokuja na mikeka. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana binamu yangu Getruda ameshaanza kusambaza.

Mnajua nina gemu la anga kwenye kompyuta. Unaunda chombo, unasafiri kati ya sayari. Uzuri wake linakuruhusu kuongeza vitu vyako, kwa hiyo vituo vyote vya angani nimevipa majina ya huku kwetu. Ukishaiacha dunia unapita Kigwa, unafika Tabora, Urambo, Uvinza, mpaka Ujiji, ambayo ni sayari nyekundu isiyo na tone la maji. (Watu wa Ujiji mnisamehe, ndiyo iliyobaki.)

Kila nikifika mahali napiga picha ya skrini, natuma kwenye kundi letu la watu wanne. Tunataniana kama tuko barabarani kweli. Kassimu, fundi cherehani wa pale sokoni, ataandika, "Mkifika Uvinza nileteeni chumvi." Neema, ambaye ni mwalimu, atauliza kama abiria wamesimamishwa vichakani kuchimba dawa.

Wiki hii niliunda chombo kipya, kikubwa, nikakiita Shangazi Vero. Shangazi Vero wa kweli ni dada yake marehemu baba, anaishi Bukene. Ni mama mpana, mwenye sauti, na akianza safari harudi nyuma. Chombo nacho hakirudi nyuma, kwa sababu nilisahau kukiwekea uwezo huo.

Wiki nzima kiligoma kuruka. Leo Jumamosi asubuhi kikaruka. Nikapiga picha: nyeusi tupu, na nukta moja nyeupe katikati. Chini yake nikaandika: "Shangazi Vero ameiaga dunia saa tatu asubuhi. Ameondoka kwa utulivu."

Kassimu akajibu, "Poleni. Sisi tuko nyuma yake."

Nilicheka peke yangu. Nikaona utani mzuri namna hii usiishie kwa watu wanne. Nikaiweka stetasi, picha na maneno yake.

Kisha nikapanda pikipiki kwenda Ntalikwa kufunga pampu ya sola kwa mteja. Simu iliisha chaji kabla sijafika. Sikujali. (Kumbukeni hapa nilikuwa bado mtu mwenye heshima zake.)

Saa tisa alasiri narudi nyumbani kwa mama, nakuta viti vya plastiki uani. Mikeka. Wanawake wamejifunga kanga, wamekaa chini. Masufuria makubwa matatu yako motoni. Nikajua ni mama.

Mama akatoka ndani, mzima, akanikumbatia akilia. "Mwanangu, umehangaika peke yako siku nzima."

Nilikuwa nimehangaika kweli, bomba la yule mteja lilikuwa linavuja. Nikasema, "Kawaida tu, mama."

Sasa, mtu ukikuta msiba kwenu, unamuulizaje mama yako aliyefariki ni nani? Nikaona nikae na wanaume, nitasikia huko huko. Nikaenda kwa Katekista Kasanda, ambaye alikuwa ameshika karatasi mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Pole sana, Yona. Alisumbuka?"

Sikujua tunamzungumzia nani. Nikasema, "Si sana."

"Alisema neno lolote?"

"Hapana."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema heri yake. Katekista akainama karibu na sikio langu. "Na mwili umeuacha wapi?"

Kilichoniokoa ni kilio kutoka barabarani. Pikipiki ilisimama, akashuka mama mpana mwenye furushi, kanga kichwani, analia kwa sauti ambayo Tabora nzima inaijua. "Kaka yangu, nyumba yako inaisha!"

Ni Shangazi Vero.

Hakuna aliyempokea. Getruda aliweka mwiko chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Wanawake wa mkeka wa mbele walihamia mkeka wa nyuma. Bibi mmoja wa jumuiya, ambaye huwa tunamshika mkono kupanda ngazi za kanisa, alipita juu ya ua wa minyaa bila msaada wa mtu. Shangazi hakuona yote hayo, machozi yalimjaa. Akamfikia mama, akamkumbatia. Mama alisimama kama mlingoti.

"Wifi yangu, niambie. Ni nani?"

Mama akasema, "Ni wewe."

Shangazi akafuta macho. "Mimi?"

"Wewe, wifi. Saa tatu asubuhi."

Ndipo mambo yakafunguka. Shangazi alikuwa amemwambia mama kwamba wiki hii angekuja Tabora kupimwa macho. Getruda alipomwonyesha mama stetasi yangu, wakaamini amefia hospitali, na kwamba mimi sipatikani kwa sababu nashughulika huko. Simu ya shangazi ilikuwa haina chaji, kwa hiyo mama akampigia jirani wa shangazi kule Bukene, akamwambia tu watu wa nyumba ya Veronika waje haraka, kuna msiba. Habari kama hiyo haitolewi yote kwenye simu. Na mtu pekee aliyekuwepo nyumbani kwa Veronika ni Veronika. Akapanda basi, akatulilia sisi njia nzima.

"Nani amesema nimekufa?"

Watu wote wakanigeukia.

Nikaeleza. Nikasema ni gemu, ni chombo cha angani, ni jina tu. Niliona nyuso hazinielewi. Basi nikachomeka simu kwenye umeme, nikafungua kundi letu, nikampa Katekista asome mwenyewe kama ushahidi. (Hili ndilo kosa la pili, na ndilo kubwa.)

Katekista akavaa miwani. Akasimama. Akasoma kwa sauti ile ile anayosomea masomo ya Jumapili.

"Jumatatu. Shangazi Vero amegoma kunyanyuka. Jumanne. Nimempunguzia mizigo, bado anaegemea kulia. Jumatano. Kassimu anauliza, tatizo ni nini hasa? Yona anajibu, tatizo ni nyuma, ni pana mno." Akafuta miwani, akaendelea. "Alhamisi. Amekunywa mafuta yote na hajatoka getini. Ijumaa. Neema anasema, mpe muda, mama wa watu."

Upande wa wanaume mtu mmoja alikohoa muda mrefu kuliko kawaida.

Shangazi akasema, "Kilete hicho chombo nikione."

Nikaleta kompyuta. Akakitazama, uso umeukaribia mwanga. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Na hivi vya nyuma?"

"Injini, shangazi."

"Mbili?"

"Nne."

"Ndiyo maana."

Nikamwambia ukweli uliobaki, kwa sababu sikuwa na kingine cha kupoteza. Kwamba nilipokuwa mdogo alikuwa ananichukua kwa treni kwenda Bukene likizo, na mimi nilikuwa naogopa ile nafasi kati ya behewa na jukwaa. Alikuwa ananibeba begani pamoja na mizigo yake, hata nilipokuwa nimeshakua mkubwa wa kubebwa. Nilipotafuta jina la chombo kisichomwangusha mtu, lilikuja lake.

Akanitazama. "Ungeweza kuniambia hayo bila kuniua kwanza."

Wali ulikuwa umeshaiva, tukala. Katikati ya chakula shangazi akaiona ile karatasi ya Katekista, akauliza ni nini. Ilikuwa ni wasifu wa marehemu. Katekista alitaka kuikunja. Shangazi akakataa. "Imeshaandikwa, isomwe."

Ikasomwa. Penye neno "mpole" alisema lifutwe, si kweli. Penye "mwimbaji hodari wa kwaya" aliomba parudiwe, pakarudiwa mara mbili. Mwisho ulipofika akaangalia mikeka, viti, masufuria, wanawake wa jumuiya, hata yule bibi aliyekuwa amerudi kwa kupitia mlangoni.

"Kumbe mngekuja wengi hivi," akasema, na safari hii alilia kidogo kidogo, bila sauti.

Kesho baada ya misa nimepangiwa kusimama mbele na kutangaza kwamba yu hai, kwa faida ya waliosikia nusu ya kwanza tu. Anayetaka kucheka acheke, lakini acheke kimya. Marehemu amejinyoosha chumbani kwangu, ukuta ni mwembamba, na ameniomba nimsomee maoni yenu yote, moja baada ya jingine.