Bingwa wa Stempu Bandia

Jumatatu, 6 Agosti 1956. Voi, nyumba za reli.

Habari kubwa. Jumamosi kuna maonyesho ya stempu za zamani katika ukumbi wa mji, na Mzee Stephen anakuja. Mzee Stephen ni baba yake Wakesho. Wakesho ni mwalimu wa darasa la pili ambaye, Mungu akipenda na Mzee Stephen asipokataa, atakuwa mke wangu. Mzee hajatoa jibu. Tangu Pasaka hajatoa jibu. Wakesho anasema baba yake hatafuti tajiri wala mtanashati. Anatafuta mtu anayejua jambo moja vizuri na kuyanyamazia mengine.

Basi mwezi uliopita nilimwandikia Mzee kwamba mimi ni bingwa wa kutambua stempu bandia. Ukweli ni kwamba nina kioo cha kukuzia, na kijitabu kinachoanzia ukurasa wa kumi na saba. Kurasa za mbele mwenye duka alishazifungia njugu kabla sijakinunua.

Kikwazo ni Nzioka, karani wa posta. Mpole, shati limepigwa pasi, anajua stempu kama mchungaji anavyojua kondoo wake. Wanachama wenzetu wa chama cha stempu humuuliza yeye kila kitu. Mimi, karani wa mizigo stesheni, huniuliza treni ya Mombasa inafika saa ngapi. Haiwezekani Mzee Stephen aje aone hali hii. Jumamosi lazima nimfunue Nzioka mbele ya watu. Nimfunue kwa kosa gani, bado natafuta.

Jumanne, 7 Agosti.

Mazoezi. Mwalimu Donald, mwenyekiti wa chama chetu, aliniazima stempu yake ya zambarau yenye kichwa cha Mfalme George. Kijitabu kinasema kuna alama iliyofichwa ndani ya karatasi, na bandia nyingi hazina. Ili uione, weka stempu kwenye kisahani cheusi, uidondoshee benzini. Sina benzini. Nina mafuta ya taa. Mafuta ni mafuta.

Alama sikuiona. Stempu ikawa inanuka kama koti la mlinzi. Nikaiosha kwa maji ya moto kuondoa harufu, na rangi yote ikatoka. Furaha niliyokuwa nayo! Nikakimbia hadi kwa Mwalimu Donald kumpa pole kwa kuwa ametapeliwa.

Nzioka alikuwapo. Yuko kila mahali. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba stempu nyingi za zamani zilichapwa kwa rangi inayotoka, makusudi, ili mtu asioshe mhuri wa posta na kuitumia stempu tena. Inayotoka rangi ndiyo ya kweli. Huenda hayo yako kwenye ukurasa wa kumi na sita. Mwalimu Donald alikitazama kikaratasi cheupe kiganjani mwake. Mwishowe akasema anazo nyingine za aina hiyo, na mke wake amechoka kuzipangusa vumbi. Nilishukuru Mungu palepale mlangoni. Nimerudi nyumbani mwepesi, nimekula ugali wote.

Alhamisi, 9 Agosti.

Mpango umenijia nikiwa napokea marobota ya katani. Nitatengeneza stempu bandia mimi mwenyewe. Nitamfikishia Nzioka kisirisiri. Ataionyesha Jumamosi kwa majivuno, nami nitasimama na kuifunua. Nani ataijua bandia kuliko aliyeitengeneza? Sijui kwa nini wengine hawafikirii hivi.

Picha nimeikata kwenye orodha ya bei ya muuza stempu wa Nairobi: stempu ya zamani kabisa, ya siku za ile Kampuni ya Waingereza iliyotawala kabla ya serikali, yenye jua na taji. Tatizo likawa meno ya pembeni. Nikaenda kwa Mama Katunge, fundi cherehani, nikamwomba aishone karatasi bila uzi. Akauliza kama nina homa. Akashona. Upande mmoja meno yamenyooka kama ya kiwandani. Upande wa pili yamekwenda zigizaga kwa sababu Mama Katunge alikuwa anacheka.

Kisha nikaichovya kwenye chai ili izeeke. Mara ya kwanza nilisahau kwamba chai ina maziwa. Nikaisuuza, nikarudia kwa chai ya rangi. Saa hizi iko ndani ya bahasha ya khaki chini ya mlango wa Nzioka, imeandikwa "Kutoka kwa rafiki." Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauna hatari yoyote.

Ijumaa, 10 Agosti.

Nzioka aliniita posta. Nilikwenda nikipiga mluzi. Akatoa stempu yangu, akasema rafiki asiyemjua amemletea, naye angependa kusikia maoni ya bingwa. Nikisema bandia, hataionyesha. Nikasema ni halisi, tena adimu, aiweke mbele kabisa.

Akaigeuza polepole kwenye mwanga. Akasema alikuwa na wasiwasi kidogo, maana inanukia mafuta ya cherehani, na mgongoni imeandikwa bei za stempu za Zanzibar. Lakini neno langu linamtosha. Ataiweka mbele, na chini yake ataandika: Imethibitishwa na Bwana Thadeus.

Sikumbuki nilisema nini hasa. Nilisema nimetazama kwa jicho baya. Nilisema mwanga wa posta unadanganya. Nilimsihi aitazame tena, asiharakishe, watu wana roho mbaya siku hizi. Akaitia kwenye droo bila kucheka, na huko kutocheka ndiko kulikoniuma. Lakini nimeokoka.

Baadaye nilipita ukumbini meza zikipangwa. Kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, kuna bahasha moja tu, kuukuu, imekunjika kama uso wa ajuza. Nikauliza ya nani. Nzioka akasema mwenyewe ameomba asitajwe hadi mwisho, na yeye ndiye aliyekabidhiwa. Akaipangusa kwa leso yake.

Aha. Mwenyewe asiyetajwa! Ni ya Nzioka, nani asiyejua. Usiku huu nina amani. Kumbe hata haikunibidi kuhangaika na chai.

Jumamosi, 11 Agosti.

Andika, Thadeus. Andika tu.

Ukumbi ulijaa. Chifu mbele. Mgeni kutoka Mombasa, Bwana Pereira, Mgoa aliyestaafu forodhani, ndiye hakimu. Mzee Stephen safu ya pili, kofia magotini, Wakesho kando yake kwa gauni la buluu. Nilikwenda moja kwa moja meza ya mwisho na kioo changu.

Stempu: Mfalme George, ya wakati wa vita vya Mjerumani. Meno sawa. Mhuri: Voi, 1917. Vizuri mno, nikaanza kukata tamaa. Ndipo nikasoma anwani. Mwachala wa Makwasinyi, Kasigau, sasa yuko Malindi.

Nikacheka kwa sauti ili watu wageuke. Wakageuka. Nikaomba ruhusa ya Bwana Pereira, nikapanda kwenye benchi. Nikasema wataalamu hutazama karatasi na gundi, lakini mimi natazama akili. Huyu mghushi ni hodari wa mkono ila hajui nchi. Mkasigau ni mkulima. Makwasinyi iko chini ya mlima, na maji yanayoonekana huko ni ya mvua. Je, mwaka 1917, katikati ya vita, Mkasigau alifuata nini Malindi? Alikwenda kuvua papa? Hapo nilinyamaza ili watu wacheke.

Hakuna aliyecheka. Nzioka alikuwa ananifanyia ishara kwa macho nishuke. Nilidhani anaomba huruma. Nikasema sitashuka. Nikasema bahasha hii ni ya uongo, na aliyeileta ni mwongo, na ninamwomba asimame.

Akasimama Mzee Stephen.

Hakupaza sauti. Alisema wakati wa vita vile serikali iliwashuku Wakasigau kwamba wamemsaidia Mjerumani. Ikawaondoa wote, wazee na wachanga, nyumba zikachomwa, wakapelekwa Malindi. Wengi walikufa huko kwa homa na njaa. Waliobaki walirudishwa baada ya miaka mingi. Yeye alikuwa mvulana katika shule ya misheni huku milimani, ndiyo maana hakuchukuliwa. Siku moja aliteremka kwa miguu hadi Voi kumtumia baba yake, Mwachala, barua, ili ajue kwamba mtoto mmoja yu hai. Baba yake alifia Malindi. Mama yake alirudi na bahasha hiyo kifuani. Kisha akanitazama mimi, juu ya benchi.

Akasema, "Stempu hii, mwanangu, niliilamba mimi."

Mimi nimezaliwa Wusi, milimani. Wusi hatukuambiwa. Au tuliambiwa nikawa sisikilizi. Wala sikuwahi kumuuliza Wakesho kwao ni wapi. Nilishuka kwenye benchi, nikakanyaga kofia ya Chifu. Wakesho alikuwa anatazama sakafu. Bwana Pereira alivua miwani, akaipa bahasha ile zawadi ya kwanza. Nzioka akaniletea maji. Nikayanywa, na hilo sitamsamehe.

Jumapili, 12 Agosti.

Kanisani. Somo lilihusu ulimi. Wakesho alikaa upande wa akina mama, akaondoka kwa mlango wa upande. Nimemkosa, na ni mimi niliyejikosesha. Nimelala kutwa nikitazama bati. Mjumbe alipita jioni: Mzee Stephen anataka kuniona kesho kabla ya lori la Kasigau kuondoka. Sijala.

Jumatatu, 13 Agosti.

Nimeokoka tena! Sistahili.

Nilimkuta Mzee ameketi kwenye ubao nje ya duka, kando ya lori, Wakesho amesimama nyuma yake. Nilianza kuomba msamaha, maneno yakagongana. Akaniambia nikae. Akasema mimi ni mpumbavu, jambo ambalo haoni haja ya kulificha. Lakini amekaa na hadithi ile karibu miaka arobaini. Watu wa milimani wakimwona hubadilisha mazungumzo. Maafisa huuliza habari za kodi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza, mbele ya Chifu na mji mzima, Mkasigau alifuata nini Malindi. Mimi niliuliza. Niliuliza vibaya, lakini akapata mahali pa kujibu, na jana usiku amelala usingizi wa mtoto.

Akasema niende Makwasinyi Jumamosi, nikae na wazee waliorudi, nisikie yote. Kisha atanipa jibu. Wakesho akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kunishika mkono. Alitaka kioo cha kukuzia. Nimempa. Alipokitia mkobani nilimwona anajizuia kucheka, nami nikahisi kama nimeshushwa gunia la chumvi mgongoni.

Jumamosi, 18 Agosti. Makwasinyi.

Nimesikiliza kutwa nzima. Bibi mmoja, Wakio, alizaliwa njiani wakipelekwa. Mwingine alizika ndugu zake wote pwani. Sikuuliza swali. Nililia kidogo, nikasingizia moshi. Mzee Stephen aliniona, akanisogezea bakuli la maziwa.

Tulipoondoka dereva alikusanya barua za kijiji kizima akazitie posta Voi, maana huku hakuna posta. Nilizikalia njia nzima. Sijawahi kuwa na moyo mtulivu namna hii. Mimi si mtu yule wa juzi. Kuanzia leo, kabla ya kusema neno, nitauliza kwanza.

Alhamisi, 23 Agosti.

Barua ya Mzee Stephen imefika. Amekubali! Niliisomea juu ya mizani ya mizigo, na makuli wakanipigia makofi bila kujua kuna nini. Anasema nimpe Wakesho heshima na nisipande tena kwenye benchi. Nilimpelekea Wakesho habari shuleni wakati wa mapumziko. Alifunika uso kwa daftari la mtoto, akacheka na kulia kwa pamoja. Nzioka amenishika mkono, akasema anafurahi kwa dhati. Nikakubali mkono wake. Siku nzima nimekuwa naelea.

Jioni, kwa utulivu, nimeitazama bahasha. Kioo anacho Wakesho, nimetumia kitako cha glasi. Stempu ni ya Malkia, rangi safi, meno yametimia. Lakini mhuri unasema Voi.

Voi. Mzee Stephen anakaa Makwasinyi. Mtu wa Makwasinyi barua yake itoke Voi kwa njia gani? Na Voi nzima, mihuri ya posta hugongwa na nani? Na nani leo amefurahi kwa dhati, mtu asiyefurahi ovyo?

Mwingine angenyamaza akaoa. Lakini mimi nilijiahidi kuuliza kwanza. Nimemwandikia Mzee Stephen kwa adabu zote. Nimemweleza kwamba kuna mtu ameghushi barua akidai kwa niaba yake kwamba ninaruhusiwa kumwoa binti yake, kwamba mimi sikudanganyika hata kidogo, na kwamba ruhusa hiyo naikataa kabisa mpaka anipe uthibitisho. Barua nimempa dereva wa lori mkononi, isipite posta. Ameshaondoka.

Ni bahati kubwa kwamba nimegundua mapema. Sasa naweza kulala.