Mchuzi Unaoogopa Baridi

Jumatatu, 5 Agosti 1957
Mzee Absalom, mpishi wetu mkuu, anastaafu. Hapa hotelini Thika tumebaki wawili wa kumrithi: mimi na Erastus. Bwana meneja amesema Jumapili tutapika karamu katika shamba moja la kahawa kule Ruiru. Mimi mchuzi wa kuku, Erastus wa ng'ombe. Wageni wataamua. Tangu asubuhi Erastus ananisalimia kama mtu anayetoa rambirambi. Shauri yake.

Jumanne, 6 Agosti
Ajenti kutoka Nairobi ameniachia kopo la unga mweupe. Unaitwa selulosi. Hutolewa kwenye miti na pamba, husafishwa kiwandani, na Ulaya hutiwa kwenye mchuzi na aiskrimu viwe vizito. Alianza kueleza habari za moto na baridi, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa.
Erastus alisema miti ni chakula cha mchwa. Nikamjibu kwamba hata kabeji haikuzaliwa na ng'ombe.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimejaribu nyumbani. Ulipochemka, mchuzi ulishika mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Baadaye mke wangu Kalondu alifunua sufuria akakuta maji. Nilimwambia umande umeingia.
“Umande gani ndani ya nyumba, Baba Syombua?”
Kalondu hajasoma sayansi. Mimi pia sijasoma, lakini nina kopo.

Jumapili, 11 Agosti
Nitaandika ukweli wote, maana Erastus atauandika vibaya.
Tulipika alfajiri hotelini, tukafika Ruiru kwa lori, baridi kali. Nikafunua sufuria: maji. Erastus akauliza kama nimeleta ya kunawa. Sikutetereka. Nikairudisha motoni, na mbele ya bwana meneja mchuzi ukashika tena. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaamuru upelekwe mezani. Nilijiona tayari na kofia ya mpishi mkuu.
Ndipo padri akasimama kuomba. Akaombea kuku, kahawa, mvua na wasafiri wa baharini. Aliposema amina, mchuzi wangu ulikuwa safarini. Ulivuka viazi, ukashuka kitambaani, ukaishia mapajani mwa mke wa mwenye shamba. Ule wa Erastus, wa unga wa ngano tu, ulitulia kwenye sahani kama askari wa zamu.
Bwana meneja aliniita kando ya lori. Nikamweleza kwamba selulosi haina kosa. Sala ndiyo ilikuwa ndefu.
“Mbuvi,” akasema, “kesho utaanza kumenya viazi.”

Jumatatu, 12 Agosti
Kofia amepewa Erastus. Sikumpa mkono. Nilikuwa nimeshika kiazi.
Mzee Absalom alinishauri kwa upole: kitu kinachoganda kwa moto na kuyeyuka kwa baridi, mwanangu, usisafiri nacho. Nikamwuliza kama amewahi kufika Ulaya. Hajafika. Basi.
Jioni Kalondu aliniandalia viazi vya kuchemsha, bila mchuzi. Afadhali angenisema.

Jumamosi, 17 Agosti
Heshima imerudi. Jirani yetu Njambi anamwoza binti yake kesho huko Theta, na ameniomba jeli ya nanasi. Nimetia selulosi maradufu. Motoni imesimama kama ukuta. Nimeigonga kwa kijiko, ikaitika.
Kalondu ameuliza kama wageni watailia jikoni. Nimemfundisha kwamba jeli huliwa baridi, kila mtu anajua. Nimeiweka nje ipoe.