Tangi Lililokunywa Maji ya Kabichi

Ijumaa, 28 Aprili

Tangi la pikipiki limeoza kwa kutu. Habari hii imetolewa na Rumyana, mke wangu, saa mbili asubuhi, baada ya kuchungulia ndani kwa tochi. Kasema ameona vitu ambavyo mke hapaswi kuviona kabla ya kifungua kinywa.

Hali ilivyo: zimebaki siku nane kufika sikukuu ya Mtakatifu Georgi, na siku hiyo tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Nimemwahidi Rumyana kwamba tutapanda kanisani kilimani, kilomita kumi na moja, kwa pikipiki ileile nyekundu iliyotupeleka siku ya harusi. Imelala zizini miaka kumi na tisa. Amenikumbusha kuwa sijawahi kutimiza ahadi yoyote yenye magurudumu. Uongo! Kulikuwa na toroli.

Jioni akaja Tsanko, mwanyumba wangu. Mimi nimeoa dada mkubwa, yeye mdogo. Amerudi Januari, baada ya miaka kumi na moja Ujerumani, na gari lenye viti vinavyopashwa moto. Akajitolea kutupeleka. "Mwanyumba, unamtesea nini dada wa watu? Kwangu makalio yatakuwa kama mkate uliotoka tanuri!" Nikakataa kwa adabu. Rumyana anadai hiyo adabu hakuiona.

Jumamosi, 29 Aprili

Dawa ya kutu dukani bei yake ni ya mwanakondoo mzima. Sikununua. Kutu inaliwa na kitu kikali, na kitu kikali tunacho chini ya nyumba: pipa la kabichi tuliyoichachua tangu Novemba. Rumyana alipokwenda kwa dada yake nikachota maji yote ya pipa, lita tisa. Nikayatia tangini pamoja na nati ishirini za kukwangua. Tangi nikalizungushia blanketi, nikalifunga ndani ya mashine ya kuchanganya zege, nikawasha. Likazunguka saa nzima. Kelele zake hazielezeki.

Maji yametoka na rangi ya supu ya maharage. Ushindi!

Nati zilizoingia: ishirini. Zilizotoka: kumi na tisa.

Blanketi lilikuwa lile alilokuja nalo Rumyana siku ya harusi. Chanzo cha habari: Rumyana.

Jumatatu, 1 Mei

Kuna tundu. Ubavu wa kushoto, ukubwa wa punje ya dengu. Kumbe kutu ndiyo iliyokuwa ikizuia petroli miaka yote, nami nimemfukuza mlinzi. Tena maji ya kabichi yana chumvi, na chumvi imeleta kutu mpya, ya rangi nzuri ya chungwa. Nimesugua tena kwa siki.

Tsanko alipita. Akachungulia, akanusa. Akauliza kama hii pikipiki itaendeshwa au italiwa na soseji.

Jumanne, 2 Mei

Tsanko kaleta kopo la gundi ya kuziba matangi, ya Ujerumani. Bure! Inauma kuliko kulipa. Maandishi yote ni ya Kijerumani, kwa hiyo kitabu ni Tsanko mwenyewe. Unamimina, unageuza tangi huku na huku mpaka gundi itambae pote, unasubiri ikauke. Siku ngapi? Akasema inategemea baridi, atakuja kukagua mwenyewe, nisiguse.

Nimegusa mara moja tu.

Wakati wa kusubiri nimepaka rangi nyekundu, mikono mitatu. Nimeongeza na boresho langu mwenyewe: kikalio cha chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, juu ya tangi, kwa kopo la nyanya na mkanda wa suruali. Rumyana akauliza ni suruali ya nani. Suala hilo linachunguzwa.

Ijumaa, 5 Mei

Tsanko kaja saa nne kukagua. Rumyana alikuwa ndiyo kwanza anatoa mkate wa jibini, kwa hiyo ukaguzi ulianzia jikoni. Akafika kwenye tangi kinywa kimejaa, akaingiza kidole. Nikamwuliza kama imekauka. Akatikisa kichwa, kushoto na kulia. Wazi kabisa! Kwetu kutikisa kichwa ni ndiyo. Hapana ni kukiinua juu. Hata mtoto wa kunyonya anajua. Nikamshukuru. Akaenda zake na kipande cha pili.

Nikajaza lita sita. Injini ikaitika kwa teke la nne!

Rumyana akatoka mbio na unga mikononi. Akarudi ndani kutafuta ile skafu ya harusi. Nilimwona kupitia dirishani.

Jumamosi, 6 Mei

Tumezimika kilomita ya nne. Kabureta imefunguliwa hapohapo barabarani: imejaa gundi. Petroli ilikuwa nzito kama asali.

Tsanko alikuwa nyuma yetu na mkewe na mwanakondoo wa sikukuu. Akashuka akifoka kwamba jana alishasema bado, mpaka Jumapili. Nikamwambia alitikisa kichwa. Akasema ndiyo, alitikisa, yaani hapana!

"Hapana ya wapi hiyo?"

"Ya Stuttgart!"

Miaka kumi na moja kiwandani imempindua shingo. Nikamwambia hapana kama hiyo ilipaswa kukamatwa mpakani. Rumyana alicheka mpaka akakaa kwenye majani.

Tsanko akatoa kamba. "Shemeji, ingia garini, kiti kimeshapata moto." Rumyana akafunga skafu vizuri, akapanda nyuma yangu. Akasema mara ya kwanza alifika kwa pikipiki, na leo atafika kwa pikipiki.

Tukavutwa kilomita saba. Injini kimya, ile nati ya ishirini ikigonga tangini kama kengele ya kondoo. Watu walitupisha njia. Mikono ya Rumyana ilikuwa kiunoni mwangu mwendo wote. Hilo nimelishuhudia mwenyewe.

Jumapili, 7 Mei

Asubuhi wamekuja wanaume wanane wenye vichwa vizito kuomba maji ya kabichi, dawa ya siku inayofuata rakia. Pipa tupu. Rumyana akawaambia waende wakaliombe tangi, ndilo lililoyanywa. Aliyeomba kwa sauti ndogo kuliko wote ni Tsanko.

Tangi limeziba moja kwa moja. Mpango mpya: kulikata katikati, kulikwangua, kulichomelea upya, na humohumo kuliongezea lita tatu. Nimemwuliza Rumyana kama mwakani atapanda tena. Akatikisa kichwa. Rumyana hajawahi kuishi Ujerumani.

Kisha nikamwuliza Tsanko, aliyelala kwenye benchi na kitambaa cha maji usoni, kama ataniazima mashine yake ya kuchomelea. Naye akatikisa kichwa, kwa nguvu, mara tatu. Mtu mwema sana huyu. Nakwenda kuichukua kesho, Jumatatu, 8 Mei, saa tatu kamili asubuhi.