Kinyozi, Ubao wa Watoto na Kikapu Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekwenda saluni kwangu kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Nasema kwangu. Kibao kina jina langu. Ufunguo anao shemeji.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Nilianguka kwenye ngazi nikiinua kibao hicho kiwe juu ya kibao cha duka la dawa la jirani. Kilibaki kiganja kimoja tu! Kibao kikakaa. Mimi nikashuka. Sasa nina miguu miwili isiyonisikiliza na kiti cha magurudumu kinachonisikiliza kikipenda.

Kizingiti kilinikwamisha. Wateja wawili wakanibeba kama gunia la viazi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika mashine, akanipokea kwa pole nyingi. Akasema nipumzike tu, shemeji, kazi ipo mikononi mwake. Nikamwambia nimechoka kupumzika. Nikachukua mashine.

Balaa! Kiti cha kunyolea kiko juu, mimi niko chini. Nilifika masikioni, basi. Mteja akabaki safi chini, na juu kama amevaa kofia. Shemeji akamalizia kazi huku akipiga mluzi. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nyumbani nikajifungia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amesema amechoka kuutazama uso wangu. Akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamjibu kwamba koleo ni zima, aliyevunjika ni mhunzi. Hakucheka. Akanisukuma mpaka ukumbi wa michezo nyuma ya shule, akasema humo kuna mpira wa kikapu wa watu wa viti.

Niliingia shingo upande. Nilidhani nitakuta watu wamekaa duara wakifarijiana. Kumbe vita! Viti vyenye magurudumu yaliyopanuka chini vinagongana, watu wanapiga kelele, mpira unapita juu ya vichwa. Jitu moja lenye ndevu, wanaliita Tanki, likanigonga kabla hata sijasalimia. Kisha likaniuliza kwa nini nimekaa njiani.

Kocha ni mama mwenye mguu mmoja na sauti ya watu watatu. Alinifunga mkanda kwenye kiti cha mchezo na kunipa sheria: ukisukuma magurudumu mara mbili, lazima udundishe mpira. Nikasukuma mara tano. Akanifokea mbele ya wote.

Nimerudi na malengelenge viganjani. Hakuna hata mmoja aliyeniambia pole! Nina furaha ambayo sikumbuki mara ya mwisho niliipata lini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya kosa. Hapana. Nimeweka mtego.

Nilikwenda saluni nikawaeleza wateja kwamba mimi sasa ni mchezaji. Huenda nilitaja neno nahodha. Shemeji akazima mashine. Akasema hivi, shemeji, nyumbani hata swichi ya taa hufikii, kikapu utakifikia wapi? Vicheko. Damu ikanichemka. Nikamwambia Jumamosi ya wiki ijayo tuna mechi na timu ya mtaa wa pili, na aje na ufunguo. Nikifunga kikapu kimoja, ananirudishia saluni siku hiyo hiyo. Nisipofunga, nitakaa nyumbani na kukoma kumsumbua.

Tukapeana mikono. Mteja mwenye povu kidevuni akawa shahidi.

Tatizo: sijafunga kikapu hata kimoja. Kwa kweli bado mpira wangu haujagusa hata wavu. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nywele ndiyo kazi yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa kwanza. Kila kinyozi ana ule ubao anaoulaza juu ya mikono ya kiti ili mtoto akae juu, kichwa kimfikie. Sasa, ukifaa kwa mtoto, kwa nini usinifae mimi? Kikapu chenyewe kiko juu!

Nikauchukua saluni shemeji akiwa chooni. Mazoezini nikasubiri Kocha ageuke, nikaulaza juu ya kiti changu, Tanki akanipandisha. Mandhari mapya kabisa! Niliona vipara vya watu wote. Nikapewa mpira. Nikarusha.

Mpira ukaenda mbele. Mimi nikaenda nyuma.

Mkanda ulikuwa chini ya ubao, haujafunga kitu. Nilitazama dari kwa muda, hasa kwa aibu. Kocha akaja, akasimama juu yangu kama jaji. Akauliza kama nilikuja kucheza au kunyolewa. Kisha akanizungusha uwanja mzima, nikisukuma huku nimepakata ubao, mpaka mikono ikawa ya mtu mwingine.

Tanki akasema tangu azaliwe hajacheka hivyo. Nimeamua kulichukulia hilo kama urafiki.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango wa pili. Nimemfuata Tanki kwa siri. Nikamwambia siku ya mechi awazuie mabeki wote, nami nitamnyoa bure mwaka mzima. Akavua kofia. Kichwa kinang'aa, hakuna unywele hata mmoja! Nilisahau kabisa. Kinyozi mzima!

Nikabadilisha haraka kuwa ndevu. Akacheka, akasema kuwazuia mabeki ndiyo kazi yake siku zote, angefanya hivyo hata bila rushwa. Lakini ndevu atazileta. Alizungushwa saluni nyingi, akasema. Wanataka kumnyanyua na kumweka kwenye kiti chao kirefu, wanagombana namna ya kumshika, mwisho wanamwambia arudi kesho. Nilikumbuka gunia la viazi.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimerusha na kurusha. Hakuna kilichoingia. Kocha anasema ninasimamisha kiti, ninafikiri, halafu ndipo narusha, na wakati huo beki ameshafika, amekaa na amekunywa chai. Akaniambia nipunguze kufikiri. Hakuna aliyewahi kunitukana hivyo.

Usiku mke wangu aliniuliza kama naogopa. Nikakana. Akaniuliza tena. Nikasema ndiyo. Nisiporudi saluni sijui mimi ni nani. Akanishika mkono wenye malengelenge, hakutoa methali yoyote.

Nina mpango wa tatu: poda. Ile tunayopaka shingoni baada ya kunyoa. Viganja vikavu, mpira hautelezi. Imekwisha hiyo!

Jumamosi, 15 Machi

Andika kwa herufi kubwa, kalamu yangu!

Ukumbi ulijaa. Shemeji alikaa mbele kabisa, ufunguo ukining'inia kidoleni, na nusu ya wateja wangu nyuma yake. Mke wangu alikaa mbali naye makusudi. Nikamimina poda kopo zima. Pasi ya kwanza ikateleza mikononi kama samaki. Ya pili ikamfikia beki wao, ikiwa nyeupe. Refa akapiga chafya, akashindwa kupuliza filimbi. Kocha akanitoa nje, akanituma nikanawe kama mtoto.

Nilikaa benchi nikiutazama ufunguo. Sekunde za mwisho mwisho, mwenzetu mmoja gurudumu likapata pancha. Kocha akatazama benchi. Tulikuwa mimi na chupa za maji tu. Akanitazama mimi, akazitazama chupa, akanichagua mimi.

Tanki akawabana mabeki wawili ukutani. Mpira ukanijia. Wa tatu akaja mbio moja kwa moja, na sikupata muda wa kufikiri. Mkono wa kushoto ukashika gurudumu na kuzungusha kiti. Wenyewe! Ndio mkono uliozungusha kiti cha kunyolea maisha yangu yote, wa kulia ukishika mashine. Wa kulia sasa ulishika mpira. Beki akapita mahali nilipokuwa. Nikarusha.

Ukagonga ubao wa kikapu. Ukazunguka ukingo. Ukaingia!

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nakumbuka Kocha akiuliza huo mzunguko nimefundishwa na nani. Nakumbuka tulishinda kwa kikapu hicho. Na nakumbuka mtu aliyeruka uzio, akikimbia uwanjani na kupiga kelele kwamba huyu ni shemeji yake, jamani, huyu ni shemeji yake! Machozi yalikuwa yakimtoka. Akanivalisha ufunguo shingoni na kamba yake. Akasema kila siku aliogopa nitaanguka tena, hakujua namna nyingine ya kunizuia. Nililia mbele za watu, bila bomba la maji.

Jumapili, 16 Machi

Saluni yangu! Shemeji ameamka alfajiri akapigilia mteremko wa mbao mlangoni, nimeingia mwenyewe kwa msukumo mmoja. Mke wangu ameulaza ubao wa watoto juu ya kreti mbili za soda. Wateja wanakaa hapo chini, na vichwa vyote vinanifikia. Tanki hakuhitaji hata ubao. Aliingia na kiti chake, nikamwekea taulo shingoni, nikamchonga ndevu mpaka akajibusu kwenye kioo. Timu nzima inapanga foleni kesho.

Kocha alisema siri ya ushindi ni mkono wangu na kazi yangu. Nimemwacha aamini hivyo. Mimi najua ni poda iliyobaki kwenye kucha. Nimeagiza katoni.

Mchana nilitoka nje kupunga upepo. Nikatazama juu. Duka la dawa wamebadilisha kibao! Kipya, chenye taa, na kimepita changu kwa kiganja.

Mke wangu hajui, shemeji hajui. Lakini Tanki ana kamba ndefu na mikono ya chuma, na kwenye paa pana boriti imara. Nimeshapima kwa macho. Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga, na walisema kweli. Mimi ngazi siipandi tena maishani. Nitavutwa juu kwa kamba, na kiti changu.