Mbuzi wa Kunywa

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki imepiga simu. Alhamisi tutapimwa uzito sote tuliokatwa tumbo ili tupungue unene, miaka mitano sasa. Atakayekuwa ametunza wembamba wake, picha yake itakaa ukutani pale mapokezi. Iliyopo ni yangu. Itabaki! Kweli, nusu ya kilo nilizopoteza zimerudi. Sababu haijulikani. Nakula kama kifaranga. Mke wangu Mwikali ametaja supu. Nimemweleza kwamba supu hailiwi, inanywewa. Daktari alikataza sahani kubwa. Kuhusu vikombe sikumbuki neno.

Jumanne, 4 Machi
Nimeenda Mwala kumpeleleza Henry. Tulikatwa wiki moja. Anatembea nyuma ya mbuzi kutwa, anameza vitamini kila asubuhi, anatafuna ndengu polepole kama bibi arusi. Maisha gani hayo? Nilimbebea chupa ya asali imnenepeshe. Akashukuru, akasema tangu akatwe asali humtia kizunguzungu, nirudi nayo. Maringo. Nimeinywa njiani. Jasho! Moyo mbio, tumbo likafunguka. Nimelala kando ya barabara, punda akinitazama. Asali mbovu.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Nimefunga. Hakuna kilichopita menoni. Supu ya mbuzi, uji, maziwa ya mala, supu tena. Mwikali akauliza kama padri hakukataza nyama. Nyama, ndiyo. Najisikia mwepesi.

Alhamisi, 6 Machi
Juu ya mizani nimeegemea ukuta kwa kidole. Muuguzi, Sista Wanza, akaniambia nishushe mkono. Mizani ikapanda. Akauliza jana nilikula nini. Hakuna, nikajibu kwa fahari. Akauliza nilikunywa nini. Nikamtajia.

“Kwa hivyo, Baba Mutheu, huyo mbuzi ulimnywa.”

Daktari akasema bado mimi ni mwepesi kuliko kabla ya upasuaji, presha iko sawa, lakini sukari inarudi, na damu imepungua kwa kuacha vitamini. Upasuaji haukushindwa, mimi ndiye niliyeuzunguka. Sikumsikia vizuri. Picha yangu ilikuwa ikitolewa msumarini. Ya Henry ikapanda.

Jumatatu, 17 Machi
Wiki iliyopita Sista Wanza aliniomba ruhusa ya kunipiga picha mpya, mwili mzima, ionwe na wanaosubiri kukatwa. Nilijua! Hawawezi bila mimi. Nilivaa suti. Leo imetundikwa. Ya Henry ni ndogo. Yangu imekula karibu ukuta wote. Wagonjwa wapya wanaitazama kwa heshima. Mama mmoja amefunga chupa yake ya juisi, akairudisha mkobani. Mwikali anasema nisome maandishi yaliyo chini ya picha. Ya nini? Jina wameandika sawasawa.