Swali Nililomwandalia Mama

Jumatatu, 9 Juni
Hili sijamwambia mtu yeyote: tangu mama aende kufundisha Dar es Salaam, ninalala na makala zake chini ya mto. Zote ni za mikopo ya nyumba. Nusu sizielewi, lakini zinanukia mafuta yake ya nywele.

Leo habari kubwa! Chuo kimoja hapa Mwanza kinatafuta profesa mwandamizi wa fedha za milki, yaani mambo ya mikopo ya majumba na viwanja. Wamebaki wawili: mama, na Profesa Rwehumbiza wa Morogoro. Mama akipata, anarudi nyumbani moja kwa moja. Alhamisi kila mmoja atatoa mhadhara mbele ya jopo, na wasikilizaji wataruhusiwa kuuliza maswali. Wasikilizaji! Nina mpango.

Jumanne, 10 Juni
Mama amefika. Mezani nikamuuliza, kama mtu asiye na nia yoyote, benki itamkopesha vipi mwenye nyumba ya mlimani isiyo na hati. Aliongea mpaka ugali ukapoa. Jibu tamu ajabu! Basi swali langu la Alhamisi ni hilohilo.

Kaka Shimba nilimweleza mpango. Alicheka hadi akakaa chini. Eti, “We Rebeka, hata chumvi dukani unanituma mimi!”

Alhamisi, 12 Juni
Mungu wangu.

Mhadhara wote nilikuwa chooni, nakariri. Niliposikia makofi nikaingia, macho kwenye karatasi, nikasimama, nikauliza. Sauti ilitoka! Halafu jibu likaja kwa sauti nzito.

Mama hana sauti nzito.

Nikainua macho. Rwehumbiza! Kumbe kompyuta ya mama iligoma, wakamtanguliza yeye. Akasema swali la binti huyu ndilo swali la Mwanza yenyewe, na jibu zuri amelisoma kwenye makala ya mama. Akamtaja kwa jina. Akalieleza lote! Mwenyekiti wa jopo, aliyekuwa akisinzia, akaamka akaanza kuandika. Mama akageuka kutoka safu ya mbele, akaniona. Midomo wazi, yeye na mimi.

Zamu yake ilipofika, hakubakiwa na jipya la kusema.

Jumatatu, 16 Juni
Amepata Rwehumbiza. Nikakiri kwa mama kwamba swali lile nililiandaa kwa ajili yake. Akasema, “Najua, mwanangu. Nani mwingine angeuliza nilichojibu juzi kwenye ugali?” Alicheka mpaka akatoa machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Jioni akaanza kufunga begi.

Nimeapa. Mambo ya wakubwa siyagusi tena.

Jumatano, 18 Juni
Mama ameondoka alfajiri. Mchana hodi: Profesa Rwehumbiza! Amekuja kumshukuru mama, akanikuta mimi. Shikamoo. Marahaba. Akasema anatafuta nyumba ya kupanga. Magoti yanamsumbua, na mke wake ameapa kwamba pasipopatikana nyumba nzuri, kazi yenyewe waiache. Je, binti wa lile swali angeweza kumtembeza kidogo?

Nilivaa viatu. Nikampeleka Mabatini, kwenye nyumba iliyo juu ya mawe, ambako maji hupandishwa kwa ndoo. Aliponiuliza, akihema, kama hakuna nyumba za tambarare, nilimwambia nyumba zote za Mwanza ziko hivi. Kisha nikatangulia kupanda, kumwonyesha ya pili iliyo juu zaidi.